Safisha kamusi ya kompyuta yako kabla ya kuandika ratiba ya dawa

 

Leo hatuendi shambani moja kwa moja, tunakaa mezani mbele ya kompyuta. Najua wapo watakaosema bwana shamba kahamia mambo ya ofisini. Subirini kidogo. Siku hizi ratiba ya kupulizia, makadirio ya mbolea, muhtasari wa kikundi na vipeperushi vyetu vyote vinapita kwenye kompyuta kabla ya kumfikia mkulima. Jina la kiuatilifu likikosewa pale, litakosewa dukani. Likikosewa dukani, litaingia kwenye bomba la kupulizia.

Somo la leo ni kamusi binafsi ya kompyuta: inakaa wapi, unaifunguaje, unafutaje maneno mabovu na unaongezaje yaliyo sahihi. Nitatumia zaidi Microsoft Word kwenye Windows kwa sababu ndiyo wengi wetu tunayo. Mwishoni nitagusa LibreOffice, Chrome na simu.

KAMUSI BINAFSI NI KITU GANI?

Unapoandika kwenye Word, kuna maneno yanapigwa mstari mwekundu wa mawimbi chini yake. Hiyo ni kazi ya kikagua tahajia. Kinachukua kila neno uliloandika na kulilinganisha na orodha yake. Likiwemo, kinanyamaza. Lisipokuwemo, kinapiga mstari. Basi, ni hivyo tu. Hakijui maana ya neno wala hakijui kilimo.

Orodha hizo ziko mbili. Ya kwanza ni kamusi kubwa iliyokuja na programu, ambayo hatuigusi. Ya pili ni kamusi binafsi, na hiyo unaijaza wewe mwenyewe. Kila unapobofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya neno lenye mstari mwekundu na kuchagua "Add to Dictionary", neno hilo linaandikwa kwenye kamusi binafsi. Kuanzia hapo Word haitalipigia mstari tena, kwenye faili hilo na kwenye mafaili yote utakayoandika baadaye.

Chini ya menyu hiyo hiyo kuna "Ignore All". Hii ni tofauti. Inaliacha neno kwa waraka ule ulio mbele yako tu, wala haiandiki kitu kwenye kamusi. Kama huna uhakika na neno, tumia "Ignore All". Usiliingize kwenye kamusi kitu usichokijua.

HASARA YA KAMUSI CHAFU

Kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya ninaowahudumia kilichapisha ratiba ya kupulizia kwa ajili ya masika. Kwenye mstari wa kukinga bakajani chelewa pakaandikwa "chlorpyronil". Ndugu zangu, dawa hiyo haipo. Ni majina mawili yaliyogongana: chlorothalonil, ambayo ni kiuakuvu, na chlorpyrifos, ambayo ni kiuadudu.

Wakulima wakaenda na karatasi dukani. Muuzaji naye akaangalia jina, akaona linafanana na kitu alicho nacho, akatoa. Wawili wakauziwa kiuadudu. Wakapulizia kwa bidii kabisa, na ugonjwa haukujali, kwa sababu bakajani chelewa si mdudu. Mmoja wao alikuwa na robo eka iliyoanza kuweka matunda. Mvua na baridi vilivyofuatana, majani yakaungua kama yamemwagiwa maji ya moto. Fedha ya dawa imekwenda, nyanya nazo zimekwenda.

Nilipomuuliza katibu, akanijibu, "Bwana shamba, mashine haikupiga mstari mwekundu, ndiyo maana tukajua ni sahihi."

Tukaifungua kamusi binafsi ya kompyuta waliyotumia, kompyuta ya kuchangia inayotumiwa na watu wengi. Neno "chlorpyronil" lilikuwemo, na lilikuwa na wenzake: "manozeb", "metalaksil", "ferilizer". Kuna mtu, siku fulani, alichoshwa na mistari myekundu akawa anabofya "Add to Dictionary" kila mahali ili ukurasa uwe msafi. Hakukusudia ubaya. Lakini tangu siku hiyo mashine ile ikawa inayapitisha makosa hayo kwa kila aliyekaa mbele yake.

Ndiyo maana nasema kutokuwepo kwa mstari mwekundu hakumaanishi neno ni sahihi. Kunamaanisha tu kwamba limo kwenye orodha.

KWANZA WEKA LUGHA SAHIHI

Watu wengi wanajaza takataka kwenye kamusi kwa sababu wanaandika Kiswahili huku Word inakagua Kiingereza. Ukurasa mzima unakuwa mwekundu, mtu anakata tamaa.

Tusidanganyane, huwezi kukifundisha kikagua Kiingereza Kiswahili neno kwa neno. Lugha yetu inajenga maneno kwa viambishi. Anapanda, tunapanda, wakipanda, hawajapanda, lililopandwa: kwetu ni kitenzi kimoja, kwa mashine ni maneno matano mapya. Utabofya mpaka uzeeke.

Fanya hivi:

1. Chagua maandishi yote kwa kubonyeza Ctrl na A.
2. Nenda "Review", kisha "Language", kisha "Set Proofing Language".
3. Tafuta Kiswahili kwenye orodha, kichague, bonyeza OK.
4. Hapo hapo hakikisha kisanduku cha "Do not check spelling or grammar" hakina alama ya vema. Kikiwa na alama, Word haikagui kitu chochote, na ukurasa utaonekana msafi bure.

Kama vifaa vya kukagua Kiswahili havijawekwa kwenye mashine, Word huleta taarifa kwamba vinakosekana. Usiipuuze, kwa sababu bila vifaa hivyo hakuna ukaguzi wa Kiswahili unaofanyika.

Ukishamaliza hapo, kamusi binafsi inabaki kwa kazi yake halali: majina ya viuatilifu, magonjwa, wadudu, mbegu na vijiji.

KUIFUNGUA NA KUISAFISHA NDANI YA WORD

1. Fungua Word, bonyeza "File", kisha "Options" kule chini kushoto.
2. Chagua "Proofing".
3. Bonyeza "Custom Dictionaries".
4. Utaona orodha ya kamusi. Ya kawaida inaitwa CUSTOM.DIC. Ukiwa umeingia kwa akaunti yako ya Microsoft, unaweza kuona pia RoamingCustom.dic.
5. Bofya jina la kamusi mara moja, kisha "Edit Word List".
6. Dirisha litafunguka na maneno yote yaliyowahi kuongezwa.

Hapo tulia. Chukua kalamu na karatasi, soma neno moja moja. Wengi wakifika hapa wanashtuka. Unakuta majina ya watu, maneno yaliyoshikana bila nafasi. Neno bovu lichague, bonyeza "Delete". Usibonyeze "Delete all" kama hujakusudia kuanza upya kabisa, maana itaondoa na mazuri.

Kuongeza neno, liandike kwenye kisanduku cha juu, bonyeza "Add". Ukimaliza, bonyeza OK mpaka utoke.

Ukirudi kwenye waraka uliokuwa wazi unaweza usione mistari ikirudi mara moja. Rudi tena "File", "Options", "Proofing", bonyeza "Recheck Document". Word itausoma waraka upya, ikiwa ni pamoja na yale maneno uliyoyaambia liwalo na liwe kwa "Ignore All".

KULIFIKIA FAILI LENYEWE

Kamusi binafsi ni faili la maandishi ya kawaida tu, neno moja kila mstari. Tatizo ni kwamba linakaa ndani ya folda ya AppData, ambayo Windows huificha. Ndiyo maana watu wanalitafuta hawalioni. Njia ya mkato ni hii:

1. Funga Word kabisa.
2. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R.
3. Kwenye kisanduku andika %appdata%\Microsoft\UProof kisha bonyeza Enter.
4. Folda itafunguka. CUSTOM.DIC iko humo.

Kabla hujagusa chochote, nakili faili hilo uliweke pembeni au kwenye flashi. Ukiharibu, unarudisha la zamani. Ni kama kubakiza mbegu ghalani kabla hujapanda yote.

Ukitaka kulihariri, lifungue kwa Notepad. Andika neno moja, bonyeza Enter, neno la pili, Enter. Usiweke koma wala namba mbele ya neno. Wakati wa kuhifadhi kwa "Save As", angalia mambo mawili: aina ya faili iwe "All files", vinginevyo Notepad itaongeza .txt mwishoni na Word haitalitambua. Na usimbaji kwenye "Encoding" uwe UTF-16 LE, ambao Notepad za zamani huuita "Unicode".

Kumbuka kila mtumiaji wa Windows ana folda yake. Kama ofisini mnaingia wote kwa jina moja la mtumiaji, basi mnachangia kamusi moja, na uzembe wa mmoja unawapata wote.

TENGENEZA KAMUSI YA KILIMO PEKE YAKE

Ushauri wangu, usichanganye. Kwenye lile dirisha la "Custom Dictionaries" bonyeza "New", upe jina kilimo.dic, hifadhi. Hakikisha kisanduku cha mbele yake kina alama ya vema, na lugha ya kamusi iwe "All Languages" ili ifanye kazi kwenye ripoti ya Kiingereza na kwenye kipeperushi cha Kiswahili.

Maneno ya kuingiza yatoke wapi? Yasitoke kichwani. Yatoke kwenye kibandiko cha chupa au pakiti yenyewe, au kwenye orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chukua jina la kiambato amilifu, ile dawa yenyewe ndani ya chupa, maana majina ya biashara ni mengi na yanabadilika. Anza na haya:

- Viuakuvu: mancozeb, metalaxyl, chlorothalonil.
- Viuadudu: emamectin, benzoate, abamectin, imidacloprid, cyhalothrin, chlorpyrifos.
- Visumbufu kwa majina ya kitaalamu: Phytophthora infestans, Tuta absoluta, Spodoptera frugiperda, Ralstonia solanacearum.
- Mbegu: Tanya na Tengeru za nyanya, Lyamungu na Uyole za maharage, Situka ya mahindi.
- Majina ya vijiji na vitongoji vyako.

Jina lenye maneno mawili ligawe mistari miwili, kwa sababu kikagua kinasoma neno moja moja. Yaani Tuta mstari wake, absoluta mstari wake. Majina ya mahali na ya mbegu yaanze kwa herufi kubwa, ya viambato yaandike kwa herufi ndogo. Ukimaliza, mpe mwenzako akusomee herufi kwa herufi huku ameshika chupa mkononi.

Kamusi hiyo ikishakuwa safi, iweke kwenye flashi, mpelekee afisa wa kata ya jirani na katibu wa kikundi. Wao wataiweka kwenye mashine yao, waende "Custom Dictionaries", wabonyeze "Add", wailenge. Dakika mbili.

ORODHA YA MANENO YA KUKATAA

Kuna makosa ambayo kamusi binafsi haiwezi kuyashika, kwa sababu neno lililokosewa ni neno halali la lugha. Wanaoandika ripoti za Kiingereza mnanielewa. Unataka kuandika "weeding", yaani palizi, kidole kinateleza unaandika "wedding". Ripoti inakwenda wilayani ikisema wakulima 40 wamefundishwa harusi ya kwanza na ya pili. Au unataka "maize" unaandika "maze", mahindi yamegeuka njia za kupotezea watu. Word inanyamaza, maana yote ni Kiingereza safi.

Dawa ipo. Kwenye ile folda ya UProof kuna mafaili yanayoanza na jina ExcludeDictionary. La Kiingereza cha Uingereza ni ExcludeDictionaryEN0809.lex, la Kiingereza cha Marekani ni ExcludeDictionaryEN0409.lex. Lifungue kwa Notepad wakati Word imefungwa, andika wedding mstari wake, maze mstari wake, yote kwa herufi ndogo, hifadhi. Ukifungua Word tena, maneno hayo yatapigwa mstari mwekundu kila yanapotokea. Siku utakayoandika barua ya mwaliko wa harusi utavumilia tu.

WENYE LIBREOFFICE, CHROME NA SIMU

LibreOffice ni ya bure, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayoitwa sw_TZ. Kamusi binafsi utaipata "Tools", "Options", halafu sehemu ya lugha, kisha "Writing Aids". Chagua kamusi iitwayo standard, bonyeza "Edit". Ukibonyeza "New" unaweza kuweka alama kwenye "Exception", hiyo ndiyo orodha ya maneno ya kukataa, na unaweza hata kuandika neno la kuweka badala yake: maze, badala yake maize. Mafaili yake yako %appdata%\LibreOffice\4\user\wordbook. Ukilifungua kwa Notepad utaona mistari michache ya kichwa inayoishia na vistari. Usiifute, maneno yanaanza chini yake.

Wanaojaza fomu kwenye Chrome, andika chrome://settings/editDictionary pale juu panapoandikwa anwani. Maneno uliyoongeza yatatokea, futa yasiyofaa.

Kwenye simu inayotumia kibodi ya Gboard, ingia mipangilio ya kibodi, "Dictionary", kisha "Personal dictionary". Kama simu imejifunza neno bovu na kila mara inakupendekezea, ligandamize neno hilo pale juu ya kibodi, liburute mpaka kwenye picha ya pipa la taka. Hili ni muhimu kwa sababu ushauri mwingi siku hizi tunautuma kwa WhatsApp, na simu ina tabia ya kubadilisha neno wenyewe hujaangalia.

KISICHOONEKANA NA KAMUSI YOYOTE

Hata kamusi yako iwe safi namna gani, kuna mambo manne haiyaoni.

Moja, maneno yaliyoandikwa yote kwa HERUFI KUBWA. Kwa kawaida Word huyaruka. Kwa hiyo "MANOZEB" kwenye kichwa cha jedwali inapita. Nenda "Proofing" uondoe alama kwenye "Ignore words in UPPERCASE", au usiandike majina ya dawa kwa herufi kubwa tupu.

Mbili, maneno yenye namba ndani yake. Nayo huyaruka. 2,4-D, TXD306 na mengine ya namna hiyo yakague kwa macho.

Tatu, jina sahihi lililowekwa mahali pasipo pake. Abamectin na emamectin yote yamo kwenye kamusi yako. Ya kwanza wengi wanaitumia kwa utitiri, ya pili kwa viwavi. Ukizibadilishana, mashine haitasema neno.

Nne, na hili ndilo kubwa, kipimo. Mililita 20 na mililita 200 kwa bomba la lita 20, kwa kompyuta yote ni sawa. Siku 3 na siku 14 za kusubiri kabla ya kuvuna, yote ni sawa. Kwa mkulima, na kwa mtoto atakayekula ile nyanya, si sawa.

Kwa hiyo ratiba yoyote ya dawa isitoke kwenye mashine ya kuchapa mpaka watu wawili wameisoma kwa sauti, mmoja ameshika karatasi, mwingine ameshika chupa.

KAZI YA WIKI HII

Fungua kamusi binafsi ya kompyuta unayotumia, iwe yako, ya ofisi au ya kikundi. Futa mabovu. Tengeneza kilimo.dic hata kama ni maneno 20 tu. Kisha uiangalie tena kila mwanzo wa msimu, siku ile ile unayokagua bomba kama linavuja. Kama mnatumia mashine ya pamoja, bandikeni karatasi ukutani: asiyejua neno asibofye "Add to Dictionary".

Ukikwama hatua yoyote, niulize, nitakuelekeza. Somo lijalo tunarudi kwenye kitalu cha vitunguu. Kazi njema, na mvua iwe ya heri.